Siku tatu Usambara na mtoto mgongoni

Mtoto wa miaka miwili mwenye afya ana kilo 11 hadi 13. Kibebeo chenye fremu ya alumini, kile ambacho mtoto hukaa kama yuko kitini, kina kilo tatu hivi. Ongeza maji lita moja na nusu, sweta lake, nepi mbili, chupa ya uji na ndizi, na aliyembeba ana kilo 18 kabla hajapiga hatua ya kwanza. Kwa mtu wa kilo 65 hiyo ni zaidi ya robo ya uzito wake. Kwa mama wa kilo 55 ni karibu theluthi. Hesabu hii ifanyike kabla ya kuulizia nauli ya Lushoto, mji wa milima ya Usambara, maana ndiyo itakayoamua mtatembea kilomita ngapi, nani atabeba nini, na kama mtahitaji mpagazi.

Na huyo mgongoni si shanta. Shanta halisikii baridi, halipati ganzi ya miguu, haliokoti mbegu likatia mdomoni. Baba anapanda mlima huku jasho likimtiririka, anavua koti, anafungua vifungo vya shati. Nyuma yake mtoto amekaa kimya, hatembei, hatoi joto, upepo wa ukingoni unampiga usoni na miguuni. Watu wawili njia moja, kila mmoja ana hali yake ya hewa. Mambo mengi yanayoharibika katika safari hizi yanaanzia hapo.

Kwa mara ya kwanza, Usambara Magharibi panafaa kuliko Kilimanjaro au Meru, na sababu kubwa ni kimo. Mji wa Lushoto upo kwenye mita 1,400 hivi, na msitu wa Magamba ulio juu yake hupita kidogo mita 2,200. Kituo cha Mandara, cha kwanza kabisa katika njia ya Marangu ya Kilimanjaro, kipo mita 2,720, na kuanzia kimo hicho mtu anaweza kushikwa na ugonjwa wa mwinuko. Mtu mzima atasema kichwa kinamuuma. Mtoto wa miaka miwili atalia tu, na hakuna atakayejua kama ni kichwa, njaa, jino linaota au hasira. Sababu ya pili ni kwamba Usambara ni milima ya watu. Vijiji havipo mbali na vijiji, na barabara ya magari inatoka Lushoto kupitia Magamba na Lukozi hadi Mtae. Mkishindwa, mnateremka barabarani mnasubiri gari.

Njia ya miguu inayojulikana zaidi ni hiyo hiyo ya Lushoto hadi Mtae kwa siku tatu, saa tano hadi saba za kutembea kila siku. Msiifuate na mtoto wa umri huu. Wanaoweza kuimaliza naye wapo, lakini siku ya tatu huwa ni ya watu wazima kuvumilia na mtoto kulia. Mpango unaokubali ni huu: siku ya kwanza kutoka Lushoto mjini hadi Irente, kilomita tano au sita, na kulala huko huko. Siku ya pili kurudi polepole kwa njia za vijijini na kupumzika mchana wote. Siku ya tatu Magamba. Pale ni Hifadhi ya Mazingira Asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo kuna kiingilio na inafaa kuwa na mwongozaji. Malipo hayo yamalizeni siku moja kabla, kwa sababu asubuhi yenye mtoto haina nafasi ya kusubiri ofisi ifunguliwe.

Kuhusu majira, masika ya Machi hadi Mei yaacheni kabisa. Udongo mwekundu wa kule ukilowa unakuwa sabuni. Juni hadi Agosti ni kukavu lakini kuna ukungu, na usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 10, huko juu zaidi chini ya hapo. Januari na Februari ndiyo miezi myepesi kwa mtoto, na Septemba inafuata.

Kumfunga na kumbeba

Kibebeo cha fremu na mbeleko si wapinzani. Chukueni vyote viwili. Fremu inamweka mtoto juu anaona, mgongo wa mbebaji unapata hewa, na uzito unashuka kiunoni. Ubaya wake ni baridi. Mbeleko, yaani kitenge au kanga mbili zilizokunjwa pamoja, haifiki hata nusu kilo, inamfanya mtoto apate joto la mzazi na kulala upesi, lakini baada ya saa moja mabega yanalalamika na kifua cha mtoto kimelowa jasho la mgongo wa aliyembeba. Ukimtoa kwenye mbeleko mlimani, mbadilishe fulana hapo hapo kabla upepo haujamkuta. Kitenge hicho hicho kitakuwa kivuli, mkeka, pazia la gesti, taulo na blanketi. Hakuna kitu kingine ndani ya begi chenye kazi tano kwa uzito huo.

Fremu lazima ipimwe nyumbani, na mtoto akiwa ndani, kwa matembezi ya saa moja mtaani mara tatu au nne. Kosa la kawaida ni baba kurekebisha urefu wa mgongo wa kibebeo kwa kimo chake, kisha mama anakipokea njiani kikiwa vile vile. Mkanda wa kiuno unamkalia mapajani badala ya kwenye mfupa wa nyonga, uzito wote unahamia mabegani, na baada ya nusu saa anaonekana dhaifu ilhali tatizo ni mkanda. Pigeni alama kwa kalamu ya wino kwenye reli ya fremu: moja ya baba, moja ya mama. Mnapobadilishana ni dakika moja kazi imekwisha.

Kumpandisha kuna mpangilio wake. Weka kibebeo chini mahali tambarare, fungua mguu wake wa kusimamia mpaka usikie umekaza. Mwingize mtoto, funga mikanda ya mabega yake. Ikaze hadi vidole viwili tu vipite kati ya mkanda na kifua. Rekebisha kiti ili makalio yake yakae chini kidogo kuliko magoti, na miguu iwe kwenye vikanyagio. Miguu inayoning'inia bila kukanyaga kitu inakufa ganzi. Mbebaji akunje magoti, avute kibebeo hadi pajani, apitishe mkono mmoja, kisha wa pili, huku mwenzake ameshika fremu kwa nyuma. Funga kiuno kwanza, kaza, ndipo mabega. Kushusha ni kinyume chake.

Ule mguu wa kusimamia umewadanganya wengi. Si kiti cha mtoto. Akijirusha mbele kuona kuku, kibebeo chote kinaanguka naye kafungwa ndani, na uso ndio unaotangulia. Kikiwa chini na mtoto yumo, mkono wa mtu mzima uwe juu yake, hata kama ni sekunde za kunywa maji. Vile vile usiiname kufunga kamba za viatu ukiwa umembeba, maana atakupita kichwani. Chuchumaa mgongo ukiwa wima, au mwambie mwenzako akufungie.

Kila dakika 45 hadi 60 mtoeni. Si kwa sababu amelia, bali kabla hajalia. Aruke, akojoe, miguu ipate damu, kisha mbadilishane mbebaji. Akisinzia mgongoni, anayetembea nyuma amtazame shingo: kidevu kikiangukia kifuani njia ya hewa inabanwa. Taulo dogo lililokunjwa kama soseji na kuwekwa upande wa shavu linatosha kuinua kichwa. Na mkumbuke kwamba kwenye fremu kichwa chake kipo juu ya chako. Tawi ulilolipita kwa kuinamisha kichwa kidogo litamkuta yeye sawasawa.

Kuteremka ndiko kwenye hatari kuliko kupanda. Anayeteleza akiteremka huanguka kinyumenyume, yaani humkalia mtoto. Kwa hiyo huko Magamba tunashauri kinyume cha wanavyofanya wengi: pandeni kwa miguu asubuhi mkiwa na nguvu, shukeni kwa gari. Mahali ambapo lazima kuteremka kwa miguu, hatua ziwe fupi, mwili ukae upande, fimbo moja mkononi, mkono wa pili uwe huru, na mtu mzima mwingine awe ubavuni karibu na kibebeo. Bodaboda ya watu wazima wawili na mtoto katikati si njia ya kushuka mlima, hata dereva akikuhakikishia vipi.

Irente penyewe ni ukingo wa mwamba. Chini yake ni mamia ya mita mpaka tambarare ya Mazinde. Watu wote hukimbilia kupiga picha, na ndiyo dakika ambayo kila mzazi anadhani mwenzake amemshika mtoto. Semeni kwa sauti: "Baba Asha, wewe una mtoto." Jina litajwe na aliyetajwa aitike. Ama abaki amefungwa kibebeoni muda wote mpo ukingoni. Mtoto wa umri huo hana shida na mandhari, atatazama tambarare kwa sekunde tatu kisha ataomba jiwe.

Mwendo

Kuna kanuni ya zamani ya watembea milima: saa moja kwa kila kilomita tano, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita sita yenye mpando wa mita 400 inatoka saa moja na dakika 52 hivi. Ukiwa na mtoto, zidisha kwa mbili: karibu saa tatu na dakika 45. Hiyo ni pamoja na kubadilisha nepi, kula, kutazama kinyonga na kugoma. Mkizidi hapo mmepotea au mtoto anaumwa.

Akitembea mwenyewe hesabu inavunjika kabisa. Kilomita moja kwa saa ni mwendo mzuri kwake, na kilomita moja au mbili kwa siku zinamtosha. Mpeni nafasi hiyo mahali palipo tambarare na papana, si kwenye ngazi za mizizi. Na ifanyike mapema asubuhi au jioni mnapokaribia kufika, si katikati ya njia, kwa sababu akishaonja kutembea hatakubali kurudi kibebeoni bila vita.

Ratiba inayokwenda vizuri ni kuondoka saa moja na nusu asubuhi, kutembea hadi saa nne, kupumzika kwa uji, kisha kutembea tena akiwa na usingizi wake wa mchana. Wakati huo ndipo mnapokata kilomita nyingi, saa moja na nusu ya kimya. Saa nane muwe mmefika. Mtoto anahitaji saa mbili tatu za kuzoea mahali papya kukiwa na mwanga: pa kukojoa ni wapi, mlango uko wapi, paka ni wa nani. Mkifika saa kumi na mbili na nusu, usiku wote atalia, nanyi mtasema ni mahali pabaya.

Mpagazi ni msaada mkubwa na bei yake kwa siku mkubaliane kabla ya kuondoka, pamoja na nani anamlisha. Ila mpagazi hutangulia. Mvua ikinyesha, yeye yuko kilomita mbili mbele na begi lenye koti la mtoto. Begi lake libebe vitu vya usiku tu: magodoro, sufuria, nguo za kulalia. Maji, chakula cha siku nzima, nepi nne, nguo kavu, koti la mvua, dawa na tochi havimtoki mzazi.

Baridi ya aliyekaa

Kanuni ya nguo ni rahisi: vazi moja zaidi ya aliyonayo mtu mzima aliyesimama, si aliye kwenye mwendo. Ukiwa umebaki na shati kwa sababu unapanda, usijipime wewe. Simama dakika tano kivulini, kisha jiulize ungevaa nini, halafu mwongezee yeye moja. Mpime kwa kuweka mkono nyuma ya shingo au tumboni. Vidole vya mtoto huwa baridi hata akiwa salama, havisemi ukweli.

Ndani avae fulana nyepesi isiyo ya pamba, juu yake sweta la sufu au lile vazi laini la manyoya ya plastiki, na juu kabisa kinga ya mvua na upepo. Pamba ikilowa inabaki imelowa na inanyonya joto. Nguo hizi si lazima zitoke duka la vifaa vya mlima. Mitumba ya watoto imejaa ovaroli za kulalia za manyoya, nzito na safi, kwa bei ya soda chache. Chukua mbili. Mzula wa masikio, soksi jozi nne, na kati ya hizo jozi mbili ni za kulalia tu na zisivaliwe njiani hata iweje. Bibi yeyote mtakayempita shambani atawaambia mtoto amevalishwa vibaya. Mwamkieni, mshukuruni, na mtazame miguu ya mtoto tena, kwa sababu mara nyingi bibi anakuwa ameona sehemu ya mguu iliyobaki wazi pale suruali ilipopanda juu.

Mvua ya manyunyu ni mbaya kuliko mvua kubwa, maana mvua kubwa mnajificha, manyunyu mnayadharau mpaka mtoto amelowa. Mwavuli unafaa njia ya msituni. Ukingoni upepo unaugeuza tanga na unamyumbisha mbebaji. Na ishara ya kuogopa si kilio. Mtoto mwenye baridi aliyekuwa akilia kisha akanyamaza, akalegea na kusinzia saa ambayo si ya usingizi, hajatulia. Simameni, vueni vyote vilivyolowa, mwekeni ngozi kwa ngozi kifuani ndani ya koti la mzazi, mzula kichwani, kitenge juu yake, na mpeni kitu cha uvuguvugu chenye sukari kama anameza vizuri. Siku hiyo safari imekwisha.

Kula, kunywa na kutoa

Chakula cha mtoto huyu kinakaribia kalori 1,000 kwa siku, lakini hali milo mitatu. Anakula kidogo kila baada ya saa moja na nusu. Chupa ya chai ya lita moja iliyojazwa uji wa lishe saa kumi na mbili asubuhi ndiyo injini ya safari. Chupa isafishwe na isuuzwe kwa maji yanayochemka kwanza, uji uingie ukiwa wa moto sana, na uwe umekwisha kabla ya saa tano. Usiweke maziwa ndani yake. Ukishamimina kikombe kikapoa asipomaliza, mwaga. Usimrudishie baada ya saa mbili ukidhani umeokoa chakula.

Parachichi, ndizi, mayai ya kuchemsha, chapati, viazi vitamu na siagi ya karanga iliyopakwa kidogo vinatosha, na vingi vinapatikana huko huko. Karanga zima hapana, wala bisi, wala pipi ngumu: mgongoni humwoni akipaliwa, na hatua zako zinamtikisa. Chakula chochote kigumu alishwe akiwa chini, amekaa, mnatazamana. Plamu za Lushoto mwanzoni mwa mwaka ni tamu, toeni kokwa kabla hamjampa.

Maji yote yachemshwe. Kwenye kimo cha Lushoto yakishachemka kwa nguvu dakika moja inatosha. Mkipita mita 2,000, dakika tatu, kwa kuwa huko juu maji huchemka kwenye joto la chini. Vidonge vya klorini vinavyouzwa madukani kwetu vingi vimepimwa kwa ndoo ya lita 20. Ukitia kimoja kwenye chupa ya lita moja umetengeneza maji ya kufulia, na kuvunja kidonge vipande ishirini hakuna aliyewahi kukipatia. Tafuteni vile vya lita moja, au mtibu ndoo nzima gesti usiku. Subirini nusu saa kabla ya kunywa. Maji yenye tope yachujwe kwa kitambaa safi kwanza, la sivyo klorini inamalizikia kwenye tope.

Kuhusu pampasi: tano au sita kwa siku, na iliyolowa ina uzito mara kadhaa ya kavu. Za siku tatu zikitumika ni kilo kadhaa ambazo hakuna aliyezipigia hesabu. Hazifukiwi, mbwa na mvua wanazifukua. Hazichomwi, hazishiki moto zikiwa zimelowa. Zinarudi mjini. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019 na kiroba kinapitisha harufu, kwa hiyo chukueni kopo tupu la rangi lenye mfuniko wa kubana. Zikunjwe, zibanwe, kopo apewe mpagazi, na alipwe vizuri. Nepi za kitambaa zinaonekana nyepesi kwenye mpango lakini kwenye ukungu wa Usambara hazikauki hata mkizining'iniza nyuma ya begi kutwa. Kama ndizo mlizo nazo, zifike nane na mpige pasi ya mkaa gesti, nje ya chumba. Mtoto anayekwenda chini, chimbeni shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, mita 60 mbali na mto au chemchemi. Kile kijito mnachokiona kizuri ni maji ya kunywa ya mtu wa bondeni.

Vitu vya kuokota vina hatari zake. Mbegu za mbarika, zile zenye madoadoa kama zimechorwa, zinaota pembeni mwa mashamba na ni sumu kali zikitafunwa. Mnanaha nao una matunda ya miiba yanayomvutia mtoto. Upupu unajulikana. Siafu huwa wanavuka njia baada ya mvua, na mtoto akisimamishwa juu ya mstari wao watakuwa wamefika kiunoni kabla hajalia. Tazameni ardhi kabla ya kumshusha, kila mara, ifanyeni desturi. Vumbi la nyumba za udongo lina funza katika baadhi ya maeneo, basi avae viatu hata ndani.

Usiku

Mkilala kwenye hema, baridi inatoka chini. Mkeka wa povu uwe chini ya mtoto mara mbili ya wa kwenu, naye alale katikati. Mfuko wa kulalia wa mtu mzima haumfai. Anazama ndani na uso unafunikwa. Ovaroli ya manyoya, soksi kavu, mzula mwepesi na blanketi linaloishia kifuani vinafaa zaidi. Gesti ni rahisi kuliko hema na hakuna aibu kuichagua. Ulizeni kwanza chandarua, kisha maji ya moto, kisha kelele za baa.

Jiko la mkaa lisiingie chumbani wala hemani, hata likiwa limebaki makaa tu, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Hewa yake haina harufu, na mtoto ndiye inayemlemea upesi. Chumba cha Julai Lushoto kina baridi ya kutosha kumshawishi mtu mwenye akili timamu afanye kosa hilo.

Kuugua

Mfuko wa dawa uwe na pakiti nne za ORS (chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini), vidonge vya zinki, paracetamol ya maji yenye kipimo alichoandika mfamasia kwa uzito wa mtoto wako na si kwa umri, kipimajoto, kibanio cha kutolea miiba na kupe, plasta na bandeji. Pakiti moja ya ORS inaingia kwenye lita kamili ya maji salama; chupa ya nusu lita na nusu pakiti ni kubahatisha. Kila akiharisha, mwenye chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100, aliyezidi hapo 100 hadi 200, kwa kijiko, polepole. Akitapika subirini dakika kumi, anzeni tena taratibu zaidi. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kama tumbo limekwisha pona.

Asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea haamki vizuri, hasubiriwi asubuhi. Lushoto mjini kuna hospitali ya wilaya. Namba ya dereva wa gari la mjini iwe kwenye simu mbili na kwenye karatasi, kwa kuwa mabondeni mtandao hukatika na mnaweza kulazimika kumtuma kijana kilimani akapige. Barabara ya kutoka Mombo kupitia Soni ina kona zinazomtapisha hata mzima. Hilo nalo mlitofautishe na ugonjwa: likiisha ndani ya saa moja baada ya kushuka garini, ilikuwa kona.

Mkirudi nyumbani mkagueni kupe nyuma ya masikio, kwapani, kwenye kinena na chini ya nywele. Kisha hesabuni siku. Milimani mbu wa malaria ni wachache kuliko tambarare, lakini Mombo ni tambarare, na pengine mlisubiri gari pale jioni. Malaria haiji kesho yake. Huanza kuonekana baada ya wiki moja au zaidi, wakati safari imeshasahaulika na mtoto amerudi kwa dada wa nyumbani. Homa yoyote ndani ya mwezi mmoja apimwe siku hiyo hiyo, na anayempeleka zahanati aambiwe mapema aseme kwamba mtoto alipita Mombo, na tarehe ngapi.